Udongo Usiobeba Nyumba

Alexandria, Virginia
9 Machi 1997

Mdogo wangu Ombeni,

Bwana asifiwe. Sisi hapa tu wazima, ila baridi imetung'ang'ania kama mgeni asiyejua kuaga. Edna ametimiza miaka minane na meno mawili ya mbele yameng'oka. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, kisha anakujibu Kiingereza bila haya. Nikilalamika, jirani yangu Jerotich, yule Mkenya anayehudumia wazee majumbani, ananiambia, "Wewe Rose, wacha kustress, ata-learn tu."

Kule hotelini wamenitoa vyumbani, sasa nasafisha ukumbi wa mapokezi. Na huwezi kuamini nilichokikuta pale karibu na lifti. Isale! Isale letu la mipakani, limekaa kwenye chungu kikubwa cha kung'aa, majani yamefutwa vumbi. Nikamuuliza msimamizi wangu, akasema wao wanauita mmea wa mahindi. Nilicheka peke yangu mpaka akaniangalia vibaya. Nikakukumbuka ulivyochoma gauni langu la kipaimara kwa pasi ya mkaa, mama akakutuma uje kwangu na jani la isale limefungwa fundo, makamasi yamekufika kidevuni. Nilitaka kukupiga, lakini ukishapewa isale utafanyaje? Unasamehe tu, hata kama moyo haujataka. Miezi mitano hujaniandikia, bwana mkubwa. Nalo hilo nitakudai isale.

Sasa nije kwenye kilichonikalisha hapa mezani. Nataka kumjengea mama. Tangu baba afariki, lile paa linavuja, mama anahamisha kitanda kila masika. Kihamba cha juu, shamba letu la nyumbani, ni chako, wewe ndiye mwanamume na ndiye kitindamimba, nami sitaki kugusa cha mtu. Nitajenga shamba la chini, lile la tambarare ambalo baba alinipa nilime. Baba Mdogo Eliakimu amekubali kusimamia. Anachotaka ni neno lako tu, maana kimila wewe ndiye mwenye mji.

Nikuambie ukweli wote. Nyumba ni ya mama, lakini chumba kimoja nakitaka mimi. Miaka sita nimelala katika nyumba za watu. Siku nikishuka Moshi na mtoto wangu sitaki kuulizwa naondoka lini.

Nijibu upesi. Kula vizuri, umekuwa mwembamba kwenye ile picha.

Dada yako,
Rosemary


Wilaya ya Yavatmal, India
14 Aprili 1997

Dada Rose,

Shikamoo. Barua yako ilifika chuoni kwanza, ikakaa, halafu ikaletwa huku kwa kile kigarimoshi cha reli nyembamba ambacho mtu mwenye haraka anaweza kushuka akatembea. Mimi ni mzima. Wembamba ni wa joto, si wa njaa. Mama mwenye nyumba ananishindilia mkate wa mtama na mchuzi wa mbaazi mpaka nakimbia. Mbusu Edna, mwambie mimi nilichelewa kuota meno kuliko yeye alivyochelewa kuyapoteza.

Nipo shambani kwa ajili ya utafiti wa shahada yangu, ndiyo maana nimekuwa kimya. Ngoja nikuonyeshe nilipo. Mto Wardha umeizunguka wilaya kaskazini na mashariki, mto Painganga umepakana nayo kusini, na mito hiyo miwili inakutana kule upande wa Wani, ambako wanachimba makaa ya mawe na mawe ya chokaa. Katikati kuna vilima vyenye misitu ya mitiki. Mwezi uliopita kuna miti fulani ilichanua maua mekundu bila jani hata moja, ukitazama kwa mbali unadhani kilima kinaungua. Mabondeni ndiko kwenye utajiri wenyewe, udongo mweusi. Pamba, mtama, mbaazi, vyote vinatoka humo.

Kazi yangu ni kuchimba mashimo ya kimo changu, kuandika rangi ya kila tabaka, kisha kuchora ramani. Vijijini wanaamini natafuta dhahabu. Mwenye nyumba wangu, Mzee Pundlikrao, hana ramani wala shahada, lakini akitia udongo mdomoni anakuambia umetoka shamba la nani. Nimemjaribu mara nne, amekosea mara moja, na hiyo moja anasema nilimdanganya.

Sasa ni kiangazi, nyuzi arobaini na tatu. Ardhi nyeusi imepasuka nyufa ndefu. Juzi niliingiza mkono kwenye ufa mpaka kwenye kiwiko, nikaidondosha humo ile kalamu uliyonitumia. Nisamehe. Imezikwa kwa heshima.

Kuhusu nyumba ya mama, ni wazo jema, Mungu akubariki. Ila usianze bado. Kuna jambo nataka kulihakikisha kwanza, mvua zikianza huku. Mimi mwenyewe mara nyingi naota niko pale kihambani juu, karibu na mfereji, nasikia maji yanapita.

Mdogo wako,
Ombeni


Alexandria, Virginia
1 Juni 1997

Ombeni,

Tunaendelea vizuri, Edna anakusalimu, Jerotich anakusalimu, hata isale la hotelini lingekusalimu kama lingekuwa na mdomo. Edna amesikia habari za mito yako, akachora ramani akaipeleka shuleni. Mwalimu wake akauliza mjomba anaishi nchi gani, akajibu anaishi ndani ya shimo. Usinilaumu, wewe ndiye uliyeandika.

Lakini baba yangu, nimekuuliza nyumba, umenijibu mito. Nimeisoma barua yako mara tatu kutafuta ndiyo au hapana, nikapata makaa ya mawe. Jerotich kanisikia nikigomba jikoni akasema, "Rose, acha kushout, hiyo barua haiwezi kuskia."

Mama ameniandikia kwa mkono wa mwalimu wa shule ya Jumapili. Masika haya amelala jikoni karibu na mafiga, maana ndipo pekee pasipovuja. Umri wake huo! Sitaki kungoja mvua za India ziniruhusu kumjengea mama yangu Kilimanjaro. Baba Mdogo anasema mafundi wako tayari baada ya mavuno.

Andika neno moja tu, ndiyo. Herufi tano. Kalamu nyingine nimeiweka ndani ya bahasha.

Rosemary


Yavatmal
20 Julai 1997

Dada Rose,

Shikamoo. Kalamu imefika, ndiyo hii ninayoandikia, na nimeifunga kwa uzi shingoni kama mtoto wa chekechea. Pole kwa habari ya mama. Niliposoma kwamba analala jikoni nilishindwa kula.

Mvua zimeanza tangu katikati ya Juni. Zile nyufa zote zimezibika. Udongo unaumuka kama unga wa maandazi. Sasa nisikilize, hili ndilo nililokuwa nangoja kuliona kwa macho yangu.

Mkwe wa Mzee Pundlikrao alijenga nyumba ya tofali za kuchoma katikati ya shamba la pamba, ili awe karibu na kazi. Nyumba nzuri, ina miaka minne. Mvua zikinyesha, ardhi inainuka na mlango haufunguki, wanaingilia dirishani, na mama mkwe wake akija kuwatembelea naye anaingilia dirishani. Kiangazi ardhi inashuka, kuta zinaachana, na ukiwa umekaa sebuleni unamwona ng'ombe nje kupitia ukutani. Kijiji chenyewe kimejazana juu ya kilima cha changarawe, nyumba zimebanana, na huku chini kuna tambarare tupu. Nilidhani ni umaskini. Nimepita vijiji kumi na kimoja, vyote ni hivyo hivyo. Mzee akaniambia, "Huu mweusi ni mama wa pamba, si mama wa nyumba."

Dada, shamba la chini ni udongo huu huu. Unakumbuka tulivyokuwa tukitoka kule masika, kila kiatu kizito kama jiwe la kusagia? Unakumbuka nyufa za Januari, kuku wa Mama Ndeshi alivyotumbukia? Ukitaka nyumba isimame pale lazima uchimbe msingi mpaka uupite weusi wote, na waliochimba kisima kule walikwenda futi kumi na mbili wakiwa bado kwenye weusi. Usijenge kule, nakuomba.

Najua swali linalofuata. Hilo nipe muda kidogo.

Mdogo wako,
Ombeni


Alexandria, Virginia
24 Agosti 1997

Ombeni,

Salamu.

Swali linalofuata ni hili: nijenge wapi? Angani?

Unajua mara ya mwisho niliambiwa maneno hayo ni lini? Nilirudi kutoka Dar na tumbo la Edna, sina mume wala barua ya mume. Nikamwomba baba nijenge kibanda pale chini nisimkere mtu. Baba akaniambia, "Shamba la chini ni la kulima, si la kujenga." Hakuniambia zaidi. Nilielewa. Binti hana mahali. Nilitafuta njia nikaondoka, nikaja kusugua vyoo vya watu huku, na kila mwezi nikakumbuka kwamba nina ada ya mdogo wangu wa mwisho.

Leo mdogo wangu ameusoma udongo wa Wahindi, anarudi na maneno yale yale ya baba. Mbona udongo wenye matatizo ni wangu na mzuri ni wako?

Usinijibu habari za ng'ombe anayeonekana ukutani. Meza dawa zako za malaria.

Rosemary


Yavatmal
30 Novemba 1997

Dada Rose,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu ile yako ya Agosti. Zile mbili kama hazikufika, zilikuwa na salamu tu. Kama zilifika, basi nimeelewa kimya chako.

Habari za huku ni hizi. Walikuwa na sikukuu ya ng'ombe wa kulimia. Siku hiyo ng'ombe halimi. Anaoshwa, anapakwa rangi pembe, anavishwa maua na kulishwa keki nyumba kwa nyumba. Mzee alinipa wake mmoja nimtembeze, akanikanyaga. Ukucha umeng'oka. Nakuandikia hilo ili ucheke, kama bado unanicheka.

Sikusema vile kukunyima. Fanya jambo moja. Mwombe mama achukue konzi ya udongo wa chini na konzi ya udongo wa juu, akande kila mmoja kwa maji, atengeneze vitofali viwili, aviweke uvunguni. Baada ya wiki avitazame. Mama ataona kipi kimepasuka, hahitaji shahada.

Nasikia redioni kwamba nyumbani mvua zimezidi, madaraja yanasombwa. Niambie mama yuko salama. Kuna kitu kingine nimekiandika mara tatu nikakichana mara tatu. Mimi ni mwoga, hilo ulilijua tangu zamani.

Ombeni


Alexandria, Virginia
8 Februari 1998

Mdogo wangu, mwana wa mama yangu,

Bwana asifiwe. Mama ni mzima, naanza na hilo usije ukashtuka. Edna ni mzima, meno yameota, makubwa kama ya baba. Jerotich amehamia Takoma Park kuwa karibu na kanisa lao na treni, nami nimebaki bila mtu wa kunigombeza. Barua zako zote tatu zilifika. Nilizificha kwenye sanduku la chumvi ili nisizisome, nikazisoma.

Sasa nakiri. Nilipokuandikia ile barua ya hasira, tayari nilikuwa nimemwambia Baba Mdogo aanze. Msingi ulichimbwa Septemba. Futi tatu, mawe, saruji. Oktoba kuta zikapanda mpaka usawa wa madirisha. Nikatumiwa picha, nikaibandika kwenye friji. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini naigusa. Nilisema moyoni, mtoto wa India atanyamaza siku nikimpeleka picha ya paa.

Halafu ikaja mvua hii wanayoiita El Nino. Mama anasema hakuna mzee aliyewahi kuiona namna hiyo. Shamba la chini lilijaa maji, likavimba, na nyumba yangu ikapasuka kutoka pembe ya jikoni mpaka dirisha la chumba changu. Si ufa wa nywele. Mama ameingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, kama wewe. Ukuta wa nyuma umelala kabisa. Ashukuriwe Mungu hakukuwa na mtu ndani. Ombeni, kama nyumba ingekuwa imemalizika, mama angekuwa amelala humo.

Nilizungumza na mama kwa simu ya posta ya Moshi. Nikamwambia baba alininyima kwa sababu ya tumbo lile. Akaniuliza nani kaniambia hayo. Kisha akasema, "Mwanangu, baba yako alijenga zizi pale kabla hamjazaliwa. Lilianguka na mbuzi wanne. Alikuwa akiona aibu kulisimulia." Miaka tisa, Ombeni! Miaka tisa nimemchukia marehemu kwa ajili ya zizi. Nililia kwenye basi tangu kazini mpaka nyumbani, na hapa mtu akilia kwenye basi kila mmoja anatazama dirishani.

Na wewe nilikutendea nini? Nilikuhesabia ada. Mtu hamhesabii mdogo wake ada.

Basi jana nilifanya wizi. Nilipofuta vumbi pale kwenye lifti, nilikata jani moja la isale, la chini, lisiloonekana sana. Msimamizi akatokea, akauliza nafanya nini. Nikasema lilikuwa limekauka. Akalitazama, bichi kabisa, akanitazama mimi machozi yananitiririka, akaenda zake. Nimelifunga fundo kama mama alivyotufundisha. Limo humu. Litakufikia limekauka, lakini isale ni isale, hata likiwa na jina la mahindi. Sheria unaijua. Ukishalishika huwezi kukataa.

Nisamehe, mdogo wangu.

Dada yako,
Rosemary


Yavatmal
15 Machi 1998

Dada yangu,

Shikamoo mara mia. Jani limefika. Limekunjika katikati na limegeuka rangi ya tumbaku, lakini fundo halikulegea. Nilikaa nalo mlangoni mpaka Mzee Pundlikrao akaja kuuliza nani amekufa. Nikamweleza mila yetu kwa Kimarathi changu kibovu. Akalinusa, akataka kulionja, nikamzuia.

Nimekusamehe, ingawa sioni cha kusamehe. Mwenye kuleta isale alipaswa kuwa mimi. Sasa nakuandikia kile nilichokichana, na safari hii naifunga bahasha kabla sijakisoma tena.

Nilijua tangu Aprili mwaka jana. Siku ile kalamu ilipotumbukia ndani ya ufa, nililiona shamba la chini mbele yangu. Ningeweza kukuandikia usiku ule ule. Sikuandika, kwa sababu nikisema usijenge chini, ningepaswa kusema jenga juu. Na pale juu, karibu na mfereji, kwenye udongo mwekundu ulioshikana, nilikuwa nimepachagua kwa nyumba yangu tangu nina miaka kumi na mitano. Wiki ile ya kuja India nilipanda masale manne kwenye pembe zake. Mama aliniona. Ndiyo maana naye hakuthubutu kukuambia pa kujenga.

Kwa hiyo nilikuandikia mito. Nilikuandikia misitu na makaa ya mawe. Yote yalikuwa ya kweli, Dada, na yote nilijifichia humo. Na wakati mimi nauonea wivu mfereji, wewe ulikuwa unamjengea mama yetu kwenye tope. Nimeona haya kuliko siku ya gauni.

Jana nimemwandikia Baba Mdogo Eliakimu barua, nimeitia sahihi mbele ya mwalimu wangu wa chuo na mbele ya Mzee Pundlikrao, aliyetia dole gumba kwa fahari kubwa. Aisome mbele ya ukoo. Kuanzia kaburi la baba mpaka kwenye mfereji, upande wote wa mashariki, ni pako. Si pa kuazima, si mpaka utakapoolewa. Ni pako, na baada yako ni pa Edna, ajibu Kiswahili asijibu. Masale yale manne mama ayang'oe ayapande kwenye mipaka yako. Asipojua mpaka unapita wapi, nimemchorea ramani, na nakala yako imo humu. Hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi.

Mimi nitajenga nyuma, kwenye mteremko. Kuna mawe mengi, lakini mwaka huu nimejifunza kuyapenda mawe.

Nimelitafuta isale wilaya nzima ili nikutumie langu. Huku halipo. Nimeuliza msituni, nimeuliza sokoni, nimeuliza hata kwenye bustani ya ofisi ya wilaya. Basi nimefanya nililoweza. Fungua bahasha taratibu, kuna kitu kinavunjika.

Mdogo wako,
Ombeni


Alexandria, Virginia
3 Mei 1998

Ombeni,

Bwana asifiwe sana. Joto limerudi, Edna amevua soksi, mti wa jirani umechanua.

Baba Mdogo ameisoma barua yako mbele ya ukoo. Mama anasema aliisoma mara mbili, akauliza Wahindi wamekulisha nini. Wazee wawili walinung'unika, binti na kihamba wapi na wapi. Mama hakubishana nao. Alichukua jembe, akaenda kung'oa masale yako manne mbele yao na kuyapanda kwenye mipaka yangu, akirudi kila mara kutazama ramani. Mafundi wanaanza Juni. Tofali zilizopona kule chini zinapandishwa juu kwa punda.

Ndani ya ule msingi wangu uliopasuka mama amepanda mbaazi. Anasema hajawahi kuona mbaazi za namna hiyo, zimestawi hata zile za kwenye chumba changu. Mwambie Mzee wako alikuwa sahihi, ni mama wa mbaazi pia.

Edna ameitazama ramani yako, akaweka kidole karibu na mfereji, akauliza kama chumba chake kitasikia maji. Aliuliza kwa Kiswahili. Nilijifanya sikushangaa nisimwogopeshe.

Na sasa wewe. Nimefungua bahasha taratibu kama ulivyosema, nikakuta jani langu mwenyewe, fundo langu mwenyewe, limekatika vipande viwili. Yaani nimeiba jani, nikalisafirisha mpaka India, ukanirudishia lile lile ukasema ni lako! Nilikaa sakafuni nikacheka mpaka Edna akaleta maji.

Nimelishika lakini, kwa hiyo imekwisha. Nimekusamehe. Hata la gauni.

Dada yako,
Rosemary